Kunguru, Darubini na Boneti ya Mama Zuwena

Kati ya vifaranga 14 waliototolewa bandani kwangu Kibada, Kigamboni, kunguru walikuwa wamekwisha kuchukua 9 kabla ya wiki ya pili kumalizika, na huyo wa tisa alinyakuliwa mbele ya macho yangu, nikiwa nimeketi barazani na kikombe cha chai mkononi. Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa habari za ndege hawa. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka, wakavuka bahari bila kulipa nauli, na tangu hapo wanaishi katika mji huu kama wenye hati ya kiwanja.

Marehemu baba aliniachia bunduki ya upepo, ile ya kukunja mtutu ili springi ikazwe, inayorusha virisasi vya milimita 4.5. Niliihamishia umiliki wake kwa jina langu polisi, kwa utaratibu uliodumu kuliko ndoa za baadhi ya rafiki zangu. Ilikuwa na vilengeo vyake vya chuma vya kiwandani: mwanya nyuma, kijiti kwenye ncha ya mtutu, basi. Kasoro ilikuwa kwangu mimi mwenye miaka 54. Jicho la mwanadamu haliwezi kuona sawasawa vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. La kijana huruka haraka kutoka kwenye mwanya hadi kwenye kijiti na kutoka kwenye kijiti hadi kwenye shabaha, kiasi cha kumfanya mwenyewe aamini kwamba anaviona vyote, lakini mtu akishapita miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa na ujanja huo hukoma. Nikivaa miwani ya kusomea, kijiti kilionekana vizuri na kunguru akawa moshi. Nikiivua, nilimwona kunguru mpaka ile jeuri aliyonayo shingoni, na kijiti kikawa kama ufagio ulioloa maji.

Jirani yangu, askari mstaafu wa miaka sabini na kitu ambaye mtaa mzima unamwita Afande, hakutaka kusikia habari za kubadilisha vilengeo.

“Shikamoo, Afande. Nafikiria kununua darubini ya bunduki.”

“Marahaba. Ya nini? Angalia kijiti tu. Mwanya uache uwe ukungu, na kunguru naye mwache awe ukungu. Ukikiweka kijiti mahali pake, mengine yatajipanga.”

Kisha akanieleza, kwa mara ya tatu mwezi ule, habari za Simo Häyhä, mdunguaji wa Ufini ambaye katika vita vya mwaka 1939 hadi 1940 dhidi ya Umoja wa Kisovieti alitumia vilengeo vya chuma kwa hiari yake, kwa sababu darubini ingemlazimu kuinua kichwa juu zaidi, kioo chake kingeganda kwa ukungu wa baridi, na mwanga wa jua ukikipiga ungemwonyesha adui mahali alipojificha. Nilimjibu kwa adabu kwamba Häyhä alizaliwa mwaka 1905, kwa hiyo wakati huo alikuwa hajafika hata miaka 35, na kwamba Kibada haina theluji. Afande alinitazama kama anavyotazama mtu aliyevaa ndala kwenye gwaride.

Nikapanda pantoni, nikaenda mjini. Kijana wa dukani aliniamkia, akanipa kiti, akanipa maji, na mtu akishapewa maji dukani huwa amekwisha kununua. Darubini yenyewe ilikuza mara 3 hadi mara 9, na kioo chake cha mbele kilikuwa na upana wa milimita 40. “Mzee wangu,” alinihakikishia, “hii imetengenezwa kwa bunduki za kupigia nyati. Hiyo yako ya upepo kwake ni mchezo tu.” Nyumbani, nikiwa nimekwisha lipa, ndipo niliposoma kwamba mambo ni kinyume chake: bunduki kubwa husukuma upande mmoja tu, kwenda nyuma, ilhali ile ya springi husukuma nyuma na papo hapo, pistoni yake inapogota, hujirusha mbele, na mtikisiko huo wa pande mbili huweza kulegeza skrubu, kuitelezesha darubini kwenye reli yake, hata kuvunja vioo vya ndani. Nilizikaza skrubu mpaka vidole vikauma. Habari hiyo ilinikaa kichwani, nayo ndiyo iliyonimaliza siku iliyofuata.

Jumamosi jioni niliweka kopo la maziwa mbele ya ukuta wa uzio, mita 20 kutoka barazani. Virisasi vya mwanzo vilipiga sentimita 8 chini ya mahali nilipolenga, na kwa kuwa kila mlio wa kitufe cha darubini husogeza mapigo kwa milimita moja na nusu hivi katika umbali ule, nilikigeuza mara hamsini na kitu, tik, tik, tik, kama mwizi anayefungua sefu. Kabla ya magharibi virisasi vitano vilikuwa vimeingia katika duara lisilozidi sarafu ya shilingi 200. Nilimwita Afande aje kuona. Alilitazama kopo, akasema kopo haliruki, akarudi kwake.

Jumapili asubuhi niliandaa mavizio. Wahenga wamesema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na wangu walikuwa wamejifunza kuondoka kila waonapo kitu kirefu mkononi mwangu, hata kikiwa mwiko. Nilihitaji pa kujificha, na palikuwapo mahali pamoja tu: nyuma ya gari, IST ya rangi ya fedha ya mke wangu, Mama Zuwena, ambaye wakati huo alikuwa ndani akipiga pasi gauni la kwendea harusini. Nilichuchumaa karibu na gurudumu la mbele, nikakunja kanga yake mara nne na kuitandika pembeni mwa boneti isikwaruzwe (nasisitiza neno hilo, isikwaruzwe), nikalaza bunduki juu yake, nikangoja.

Kunguru alikuja, akatua juu ya pipa la maji lililo kando ya banda, na nyuma yake hapakuwa na kitu ila ukuta. Katika darubini alijaa kioo chote. Nilihesabu manyoya ya kifua chake, nikaona mate kwenye mdomo. Nikavuta pumzi, nikabana kifyatulio.

Tak!

Kunguru hakuondoka. Sauti ilikuwa ya bati, kwa hiyo nilijua nimepiga pipa, yaani chini. Darubini imeteleza, nikajiambia, kama nilivyosoma. Nikazikaza skrubu, nikageuza kitufe milio sita, nikafyatua tena. Tak! Kunguru aligeuza shingo, akanitazama kwa jicho moja. Milio sita mingine. Tak! Safari hii alikunywa maji. Nilipofyatua mara ya nne mlango wa jikoni ulifunguliwa.

“Baba Zuwena, ni nani anayegonga gari langu?”

Nikainua kichwa kutoka kwenye kioo. Katikati ya boneti, pale inapofura kidogo kama mkate wa ajemi, palikuwa na mifereji minne iliyochimba rangi mpaka kwenye bati, iliyolala sambamba kama mistari ya daftari, na yote ilielekea kwenye pipa kwa usahihi wa kupongezwa.

Wakati Mama Zuwena akiitazama mifereji hiyo bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko maneno, Afande aliingia getini akiwa na kanzu yake ya kukaa nyumbani. Hakuuliza kitu. Aliichukua bunduki, akaukunja mtutu kuhakikisha hauna kitu ndani, akairudisha juu ya kanga vilevile nilivyokuwa nimeilaza, kisha akapiga magoti na kuchungulia kandokando ya mtutu kutokea nyuma, jicho likiwa usawa wake.

“Kijana,” alisema, “njoo uone inachokiona bunduki.”

Nikachungulia. Mbele ya mdomo wa mtutu palikuwa na rangi ya fedha tupu. Darubini ilikuwa imekaa sentimita 5 juu ya mtutu, kwa hiyo jicho langu lilipita juu ya boneti bila taabu huku mtutu ukitazama boneti ana kwa ana. Afande akaeleza, taratibu, kwa sauti ya kumfikia mke wangu pia, kwamba vilengeo vya chuma vimelala juu ya mtutu wenyewe, na kwamba kama ningevitumia, hata kwa macho haya mabovu, kunguru nisingemwona kabisa. Ningeona boneti, na boneti kubwa kiasi kile hata mimi ningeitambua.

“Kwa hiyo ulikuwa unamwona vizuri?” Mama Zuwena akaniuliza.

“Vizuri sana.”

“Na gari hukuliona.”

Alichukua kanga yake, akaikung'uta na kuikunjua. Iliandikwa USILOLIJUA NI USIKU WA GIZA. Akaitundika kambani, maandishi yakielekea kwangu.

Harusini tulikwenda, naye aliliegesha gari uso ukiwa umezama ndani ya michongoma, akakataa katakata kulisogeza hata mlinzi alipomwomba. Jumatatu fundi wa rangi aliipapasa mifereji kwa kidole gumba na kuuliza kama ni mawe. Nikasema ni kunguru. Akaniongezea bei.

Kutoka pale nilipitia dukani na darubini ikiwa ndani ya boksi lake, na yule kijana akanipa kiti na maji kama kawaida.

“Ina tatizo gani, mzee wangu?”

Nilifikiri kwa muda. Nilimwambia haina.