Boksi la Ugoro

Nilipanda Kibosho, juu ya Moshi, nikaishia kugombania boksi. Kondakta aliponiuliza safari ya wapi nilimwambia nakwenda kununua Land Rover. Akaniangalia viatu, akaninyima heshima hapohapo.

Sikumdanganya. Land Rover ilikuwepo, urefu wake sentimita sita hivi: Matchbox namba 12, ile ya Safari yenye mizigo ya kahawia juu ya paa, iliyotoka 1965 ikiwa ya kijani, baadaye ikaja na ya bluu. Aliyeitengeneza ni kampuni ya Lesney ya London, ambayo tangu 1953 ilikuwa ikiuza vigari vya chuma, kila kimoja ndani ya kijiboksi kama kiberiti. Ndiyo asili ya hilo jina.

Wenye vigari hivyo si wachache. Wenye maboksi ndio wa kutafuta kwa tochi. Mpe mtoto wa mwaka 1966 zawadi hiyo uone: gari anakimbia nalo mchangani, boksi analichana palepale alipolifungulia. Chuma unaweza kukifukia chini ya mgomba, miaka thelathini baadaye jembe likakitoa. Katoni nyembamba haimalizi masika moja. Kwa hiyo gari safi likiwa na boksi lake safi hupata mara mbili ya bei ya lile lililo uchi, na kwa baadhi ya matoleo hupita hapo. Lakini liwe boksi lake kweli. Lesney walibadilisha michoro ya maboksi kila baada ya miaka michache, na mnunuzi mjuzi akiona gari la miaka ya sitini limevikwa boksi la miaka ya hamsini anacheka, kisha anapunguza bei.

Hata sisi Arusha tunalijua hili, ila kwenye simu. Simu iliyotumika ikija na boksi lake, ukabonyeza *#06# na namba ikalingana na ile ya kwenye karatasi ya boksi, muuzaji anaanza kuongea kwa sauti ya juu. Isipolingana, anaanza kuongea habari za mvua.

Sasa, fundi redio mmoja wa Kilombero, hapahapa Arusha, alikuwa ameniambia kuna mzee huko kwao Kibosho ana kigari. Nikafika, nikatoa shikamoo, nikakaribishwa mbege, kigari kikaletwa. Kijani. Chini kimeandikwa Lesney. Nikakagua penye ripiti na kwenye pembe za milango, maana rangi ya kupakwa upya hujikusanya hapo ikawa nene kama uji, nikakuta safi. Mikwaruzo miwili kwenye boneti, na mikwaruzo haipakwi rangi, inaachwa ilivyo. Tukakubaliana elfu thelathini kabla povu la mbege halijatulia.

Mzee akafurahi, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ugoro.

Ugoro ulikuwa ndani ya boksi. La manjano, picha ya Land Rover ubavuni, namba 12 kwenye sikio. Nikajifanya nakohoa ili nipate nafasi ya kuhesabu. Boksi la namna hii lina masikio sita: mawili makubwa ya kufungia na manne madogo ya pembeni, na hayo madogo ndiyo hutangulia kung'oka. Yote sita yalikuwepo. Mzee alikuwa analifungua na kulifunga tangu 1977, mwaka ule kahawa ilipopanda bei, kwa upole ambao mtoto mwenyewe hakuwahi kuwa nao.

"Mzee, na hilo boksi?"

"Hili siuzi. Ugoro nitauweka wapi?"

Nikataja elfu arobaini. Kimya kikaingia kwenye kihamba, shamba la kuzunguka nyumba, hata kuku wakaacha kuparura. Boksi linazidi gari? Mzee akamwita mkewe aje asikie kwa masikio yake. Mama akaja anafuta mikono, akaniuliza kwa huruma kama wazazi wangu wapo hai, na kama wanajua nilipo.

Nikaomba nilishike kidogo. Nikatoa taa yangu ya kukagulia noti, kwa sababu maboksi ya kuiga yapo, na karatasi nyingi za siku hizi huwekewa dawa ya weupe inayong'aa bluu chini ya taa ile. Hili halikung'aa hata chembe. Nikachukua lenzi nikatazama picha: hakuna ile mvua ya vidoto vya printa ya ofisini. Boksi ni lenyewe.

Mzee, baada ya kuona vifaa, akapandisha hadi elfu themanini. Hapo ndipo nilipofanya kosa, na nilifanya kwa sauti. Ili nimshushe nikaanza kulisema vibaya lile boksi. "Mzee, tazama lilivyochafuka. Doa hili hapa. Harufu je? Nani atalipokea hivi?" Nikarudia neno uchafu mara tatu au nne. Tukashuka hadi elfu sitini. Nilijiona mfanyabiashara hodari. Mama alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na sasa nikimkumbuka uso wake naelewa kwamba hakuwa anasikiliza habari za bei.

Wakala wa pale juu hakuwa na fedha taslimu. Nikaliacha boksi mezani pamoja na kigari na kikasha cha plastiki angavu nilichotoka nacho Arusha, nikachukua bodaboda kushuka Moshi mjini.

Njia nzima nilikuwa napanga matibabu. Ugoro unamwagwa, vumbi linafagiliwa kwa brashi laini kavu, kutoka katikati kwenda nje, bila kusugua. Harufu inatolewa kwa subira: boksi linawekwa ndani ya chombo chenye mfuniko, pembeni kibakuli cha magadi ya kuumulia mikate, visigusane, wiki mbili au tatu. Doa la mafuta linaachwa. Doa halishushi bei kama anavyoishusha mtu anayepambana nalo. Selotepu haikaribii, gundi yake hugeuka njano na kuzama ndani ya karatasi. Mpira wa kufungia pesa nao hapana, unakata kingo na ukizeeka unanata. Kisha linaingia kwenye mfuko wa poliesta, si ile plastiki laini yenye harufu ya pazia la bafuni, na linawekwa mbali na jua.

Mbali na jua, nakumbuka nilijisemea hivyo nikiwa napita Shanty Town.

Niliporudi, saa mbili zilikuwa zimepita. Boksi lilikuwa juani. Lilikuwa kwenye kamba ya nguo, katikati ya soksi na kitenge, limebanwa banio kwenye sikio.

"Mwanangu," Mama akasema, "mgeni hawezi kutoka kwangu na kitu kichafu. Nimelifua mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu, nikaloweka kidogo. Doa limekubali. Picha nayo imekubali."

Kweli picha ilikuwa imekubali. Katoni ya boksi hizi ni tabaka za karatasi ya kusaga, na juu yake ngozi nyembamba laini inayobeba wino. Maji yakiingia, tabaka zinavimba, ile ngozi inaachia, na ukisugua kwa kidole inaondoka na Land Rover nzima. Ule mshono mmoja wa gundi unaoshikilia boksi lisiwe bapa ulikuwa umefumuka. Masikio madogo yalikuwa matatu. La nne nililiona kwenye beseni, likielea.

Nikalishusha haraka. Katoni mbichi haianikwi, hujikunja. Hulazwa katikati ya karatasi za kunyonya maji, juu yake uzito mdogo wa bapa, na karatasi hubadilishwa mara kwa mara. Nikaomba kitabu kizito. Mama akaleta cha nyimbo za kanisani, akasikia kazi inayotakiwa, akakirudisha kabatini.

Halafu, sijui kwa nini, nikawasha taa ya noti. Boksi likang'aa! Bluu, kama tangazo la baa. Sabuni ya unga ina dawa ileile ya weupe inayowekwa kwenye karatasi za kisasa, na sasa boksi halisi la Lesney, nililolithibitisha kwa macho yangu, lilikuwa limefeli mtihani na kugeuka la bandia likiwa mikononi mwangu.

"Linawaka!" Mzee akapiga makofi. "Sasa hilo si la sitini tena. Sitini ilikuwa bei ya chafu."

Tulijadiliana hadi giza likaanza kuingia. Mwisho nililipia kigari elfu thelathini, na Mama nikampa elfu kumi ya sabuni, kwa kuwa alikuwa ameifanya kazi na mimi ndiye niliyelalamika. Boksi tukaliacha kwa wajukuu.

Likabaki suala la ugoro, ambao muda wote huo ulikuwa umekaa kwenye kisahani, unapigwa upepo. Mzee akatupa jicho mezani, kwenye kikasha changu cha plastiki angavu: kigumu, kisicho na asidi, mfuniko unaoziba sawasawa, nilichoagizia Dar kwa ajili ya namba 12. Akakijaribu mfuniko mara mbili, tak, tak.

Nilirudi Arusha na Land Rover mfukoni, nimeifunga kwa leso. Fundi redio ananiambia ugoro wa yule mzee siku hizi hauingii unyevu kabisa.