MCR-1 ilistahili kuelezwa zaidi

Asante kwa makala yenu, ila sikubaliani na pale mnaposema usugu dhidi ya kolistini, dawa ya kuua bakteria, unaletwa na wagonjwa wasiomaliza dozi. Kimeng'enya cha MCR-1, kinachowapa bakteria usugu huo na kilichotangazwa na watafiti wa China Novemba 2015, kilionekana kwanza kwa bakteria wa E. coli waliotoka kwa nguruwe. Huko kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo.

Kolistini ina chaji chanya. Hunasa kwenye lipidi A, molekuli ya mafuta iliyo kwenye utando wa nje wa bakteria, kwa sababu fosfati za lipidi hiyo zina chaji hasi, kisha huuvuruga utando huo. MCR-1 hubandika molekuli ndogo iitwayo fosfoethanolamini kwenye fosfati hizo, chaji hasi inapungua, dawa inakosa pa kushika. Basi! Kimeng'enya chenyewe kimejikita kwenye utando wa ndani, na sehemu yake inayofanya kazi imechomoza nje ya utando huo ikiwa na zinki na asidi amino moja muhimu sana, threonini iliyo nafasi ya 285, inayopokea fosfoethanolamini na kuikabidhi kwa lipidi A. Ukiibadilisha threonini hiyo, kimeng'enya hakifanyi kazi tena.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba jeni ya MCR-1 hukaa kwenye plasmidi, kipande kidogo cha DNA kinachoweza kuhamishwa, hivyo bakteria humpa mwenzake, hata wa spishi nyingine. Na kolistini ni dawa ya akiba, madaktari huikimbilia nyingine zikishashindwa! China iliipiga marufuku kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017, na usugu ukapungua kwa nguruwe na kwa watu pia. Mbona hilo hamkuliandika?