Mzee wa chini, Wisła na Wagosi wa Kaya

Mzee anayeishi chini yangu hapa Kraków, miaka yote salamu yake ni "dzień dobry" basi, mlango unafungwa. Jioni ya tarehe 2 Mei 2024 alinikumbatia kwenye ngazi, machozi yanamtoka. Wisła, timu ya mpira ya hapa Kraków, wamechukua Kombe la Poland.

Wisła walikuwa Daraja la Kwanza, ambalo huku pia ni kubwa jina tu, liko chini ya ligi kuu. Timu yenye ubingwa mara 13 ilishuka 2022! Kwenye fainali kule Warsaw, Pogoń Szczecin wa ligi kuu walitangulia kufunga. Tisini zikaisha, na dakika ya tisa ya nyongeza Eneko Satrústegui akasawazisha. Muda wa ziada umeanza tu, Ángel Rodado akapachika la pili. Kombe hilo mara ya mwisho walilishika 2003.

Yule mzee alinifanya niwaze miaka ya katikati. Mwaka 2018 klabu ilikuwa hoi kwa madeni. Wakaja wawekezaji kutoka nje, pesa zao hazikuonekana. Mapema 2019 Jakub Błaszczykowski, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa, akarudi kuichezea, na yeye na wenzake wawili wakaikopesha zloti milioni 4. Mzee wangu naye hakuhama. Timu iko juu, iko chini, yeye tiketi anakata.

Mimi mtu wa Tanga. Ukiniuliza timu nakwambia Simba. Coastal Union, timu ya kwetu Tanga, "naipenda pia". Hao Wagosi wa Kaya walikuwa mabingwa wa Bara 1988, lakini msimu wa 2015/16 Coastal, African Sports na Mgambo walishuka wote kwa mpigo, na barazani kwetu tukaendelea kubishana Simba na Yanga kana kwamba hakuna msiba mjini. Coastal wakarudi. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam 2022 Arusha, Sopu akawatia Yanga matatu peke yake, 3-3, tukafa kwenye matuta. Nilishangilia sana siku ile, ila nikisema kweli, nilikuwa nashangilia Yanga afungwe.

Najua mtasema nimeshakuwa Mzungu. Wala! Huku Wisła na Cracovia viwanja vyao unatembea kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine, na ushabiki wao umeshaua watu. Kuna mitaa sipiti na jezi. Kwetu Simba na Yanga wanakula sinia moja, aliyefungwa anazomewa mpaka Ijumaa na kahawa analipa yeye. Hilo sibadilishani na mtu.

Lakini Mkwakwani, uwanja wa Coastal pale Tanga, iliniuma. Juzi nikamtumia mdogo wangu hela ya tiketi, nikamwambia mechi zote za Coastal za nyumbani, asikose hata moja.

Akajibu: "Shukrani kaka. Kwani Simba wanakuja lini?"