Suruali Haimo Kwenye Mlinganyo

Kabla hamjaletewa simulizi ya mwalimu mwenzangu wa historia, ile ya "bomu darasani", nisikilizeni mimi mwenye nundu.

Somo lilikuwa mmenyuko wa kikemikali, utangulizi kabisa. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wangu wa siku za ukaguzi:

asidi ya siki + bikaboneti ya sodiamu → asetati ya sodiamu + maji + kabonidayoksaidi

Nikasisitiza kwamba mshale ule si alama ya sawasawa, husomwa "hutoa". Vya kushoto vinaingia, vya kulia vinazaliwa, uzito haupotei.

Mmoja wa nyuma (kila darasa linaye, mnamjua) akauliza: "Mwalimu, mbona jana chupa ikiwa wazi mizani ilipungua?"

"Gesi imetoroka."

"Si tuifungie basi?"

Hapo ndipo kichwa kilipovimba, mara ya kwanza. Lavoisier mwenyewe, yule mwanakemia Mfaransa wa "uzito haupotei", alifungia vitu vyake chomboni, mimi nani nisifungie?

Chupa ya plastiki ya nusu lita. Siki mililita 200. Unga wa bikaboneti gramu 10, nikautumbukiza ukiwa ndani ya karatasi, nikabana kizibo cha mpira kwa kiganja. Mizani ikatulia tuli. Nikaligeukia darasa nikitabasamu kama bwana harusi.

Nyuma yangu chupa ikaanza kutuna. Wa dawati la mbele akavuta kiti nyuma. Jirani yake naye akavuta. Mimi nikainama. Jamani, NIKAINAMA, nisome tarakimu vizuri! Kizibo kikalia "kwii" kidogo, kama mtu mwenye neno lake lakini anaona haya kulisema.

"Msiogope, hii ni—"

Pu! Kizibo paji la uso. Povu likafuata: kidevu, shati, mkanda, kisha likaweka kambi pale ambapo mtu mzima hapaswi kuonekana amelowa. (Miwani ya maabara nilivaa. Mnaoandaa mahubiri ya usalama, rudini mkae.)

Kimya. Halafu mkono ule ule wa nyuma ukanyooka.

"Mwalimu, suruali inaandikwa upande gani wa mshale?"

Nitasema nini? "Haiandikwi. Imelowa tu, haijamenyuka." Jibu sahihi kabisa, lakini hakuna aliyelisikia kwa vicheko.

Kengele, barafu, mwalimu wa historia mlangoni na simu yake, yakaisha. Jioni nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga asubuhi: gramu 10 za unga ule hutoa karibu lita 3 za gesi. Ndani ya chupa ya nusu lita! Lavoisier alikatwa kichwa mwaka 1794, na kwa dakika kadhaa nilimwonea wivu.

Leo nimeingia darasani nikakuta ubaoni:

mwalimu + bikaboneti ya sodiamu → nundu + maji + kabonidayoksaidi

Nikachukua chaki nyekundu nikawakata alama, wamesahau asidi. Mshale wameupatia.