LDH ikipanda, je, ng'ombe auzwe?

Melanoma ni saratani ya ngozi inayoua haraka, na damu inaweza kudokeza mgonjwa ataishi muda gani. Kipimo kinachotajwa zaidi ni LDH, kimeng'enya kinachomwagika kwenye damu seli zinapokufa. Wamarekani walikiingiza kwenye upangaji wa hatua za melanoma iliyosambaa mwaka 2002. Matokeo ya dawa za dabrafenib na trametinib yaliyochapishwa 2019 yanaonyesha sababu: baada ya miaka 5, walioanza na LDH ya kawaida walikuwa hai asilimia 43, walioanza nayo juu, asilimia 16 tu.

Pengo hilo si la kubeza. Ila dawa zile hupewa wenye badiliko la jeni ya BRAF, na melanoma ya unyayoni, ambayo ndiyo huwapata zaidi watu weusi, mara nyingi haina badiliko hilo. Mkulima wa viazi wa Rungwe mwenye doa jeusi kisiginoni hawezi kujisomea umri wake kwenye asilimia hizo.

Halafu LDH haisemi imetoka wapi. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu na kuipandisha, na Kyela kule ziwani malaria ni jambo la kawaida. Ini likiumwa hupanda pia. Hata damu iliyovutwa kwa nguvu na sindano, au kuchelewa njiani kutoka kijijini, hutoa majibu ya uongo.

Kwa wenye ualbino, ambao jua la nyanda za juu huwaunguza vibaya, kipimo hiki hakina kazi kubwa: saratani yao kwa kawaida ni ya aina nyingine, na kinachoangaliwa ni kina cha kidonda na matezi. Kofia pana na mafuta ya kujikinga na jua vina faida zaidi kwao.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema LDH ni anasa ya mijini. Familia inayofikiria kuuza ng'ombe ili impeleke mzee hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ina haki ya kujua hali ilivyo. Kinyama, yaani kipande kinachokatwa kwenye doa na kupimwa maabara, kikishathibitisha melanoma na matezi ya kinena yamevimba, LDH ipimwe, malaria ipimwe siku hiyohiyo, na ikiwa juu irudiwe kabla ya yeyote kuitwa kwenye kikao cha ukoo. Kabla ya kinyama, sioni sababu ya kuilipia.