Firauni wa Misri na Firauni wa Kifuani

Bagamoyo, mji ambako Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya (aliyefariki 1931), aliikuza twarika (njia ya kisufi) ya Qadiria, ugomvi huu haujaisha: je, kisa cha Musa kisomwe pia kama safari ya moyo, Firauni akiwa nafsi yenye kiburi? Wanaopinga wanasema huko ni kuichezea Qur'ani.

Mpaka wa usomaji huo aliuonyesha mwanachuoni Ghazali (aliyefariki 1111), kwa aya mbili za sura moja, Taha. Katika aya ya 12 Musa anaambiwa: vua viatu vyako. Neno la Kiarabu, na'layka, limekuja kwa umbo la viwili, ndipo wenye ishara, yaani wanaotafuta dokezo la ndani la aya, wakasema: weka kando dunia na akhera, umtake Mola peke yake. Ghazali alikubali, ila kwa sharti: Musa alivua viatu vya miguuni kweli, na moyo nao ukavua vyake. Anayeacha ndara kizingitini mwa msikiti hawezi kusema ameshavua moyoni, basi aingie nazo.

Aya ya 24 inasema: nenda kwa Firauni, hakika yeye amepindukia mipaka. Hapa Ghazali aliwakataza watoa mawaidha wanaojigusa kifua wakidai huyo ndiye Firauni aliyekusudiwa, hata kama nia yao ni njema. Kwa nini? Kwa sababu wamemfuta yule wa Misri.

Kwa hiyo hofu ya wapinzani ni ya haki. Leo Firauni ni nafsi tu, kesho sala ni utulivu wa moyo tu, na rakaa zinaachwa. Mwanachuoni wa Andalusia, Shatibi (aliyefariki 1388), aliweka vizuizi viwili: maana ya ndani ikubaliane na lugha ya Kiarabu, na iwe na ushahidi mahali pengine katika maandiko. Hali za nafsi zinao ushahidi huo: yenye kuamrisha maovu (Yusuf 53), yenye kulaumu (Qiyama 2), iliyotua (Fajr 27). Kuacha rakaa hakuna ushahidi wowote.

Lakini anayekataa ishara kabisa naye anapoteza kikubwa mno. Firauni anabaki maiti ya kale, na msikilizaji hajiulizi kama jana hakumwambia mkewe, kwa ukali wake tu, maneno ya Firauni: "mimi ndiye mola wenu mkuu."

Darsa huharibika kwenye mpangilio: mwanafunzi hulishwa ishara kabla ya lugha. Mwalimu asome aya, afafanue maneno, asimulie kisa chote, kisha ndipo aseme "ishara yake". Asiseme "maana yake".