Je, funksheni ya wimbi huporomoka kweli?

Walimu wawili wa fizikia wanaofundisha kidato cha sita hapa Kigoma wanabishana kuhusu jambo ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita kwa sentensi moja tu: kwamba elektroni ikipimwa, funksheni yake ya wimbi, yaani maelezo ya kihisabati ya hali zote inazoweza kuwa nazo, huporomoka na likabaki jibu moja. Wa kwanza anashikilia kwamba kuporomoka huko ni tukio halisi la maumbile. Wa pili anasema kinachobadilika ni ujuzi wetu.

Chanzo cha ubishi huo ni kwamba nadharia ya kwanta, ile inayoeleza tabia za chembe ndogo kama elektroni, ina kanuni mbili zisizopatana. Mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926 huibadilisha funksheni ya wimbi hatua kwa hatua, na pale ambapo hali mbili zinawezekana, huzibeba zote. Kanuni ya pili, iliyowekwa bayana na John von Neumann mwaka 1932, inasema kwamba wakati wa kupima hali moja hubaki ghafla, kwa bahati nasibu. Hakuna mahali panapoelezwa upimaji unaanzia wapi. Mwaka 1989, Akira Tonomura na wenzake nchini Japani walirusha elektroni moja moja kupitia njia mbili. Kila elektroni iliacha doa moja dogo mahali pasipotabirika, lakini madoa yalipofika maelfu, yalijipanga kuwa mistari ambayo ni wimbi lililopita njia zote mbili tu liwezalo kuichora.

Mwalimu wa pili hutoa mfano wa mchuuzi wa dagaa anayesubiri mitumbwi Kibirizi: hajui kama wavuvi wamepata kitu, na mtumbwi ukitia nanga, kinachoporomoka ni wasiwasi wake, si dagaa. Mfano huu unavutia, lakini unadhani kwamba jibu lilikuwa tayari ndani ya mtumbwi. Nadharia ya John Bell ya mwaka 1964, pamoja na majaribio yaliyowapa Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022, imeonyesha kwamba dhana hiyo haiwezi kusimama isipokuwa tukikubali athari zinazovuka umbali papo hapo. David Bohm alikubali gharama hiyo mwaka 1952, na nadharia yake haina kosa la kimantiki. Ila anayeichagua lazima aitaje gharama hiyo waziwazi.

Hata hivyo, mwalimu wa pili yuko sahihi kabisa anapokataa kuwafundisha wanafunzi kwamba akili ya mtazamaji ndiyo inayosababisha kuporomoka. Serge Haroche na wenzake walionyesha jijini Paris mwaka 1996 kwamba mchanganyiko wa hali mbili hufifia hatua kwa hatua kadiri mfumo unavyopoteza taarifa kwenye mazingira yake, na kwamba hufifia haraka zaidi hali hizo zikitofautiana sana. Hakuhitajika mtu wa kutazama. Lakini ufifiaji huo, uitwao dekoherensi, unaeleza kwa nini hatuoni mistari ya mwingiliano wa mawimbi, kama ile ya Tonomura, kwenye vitu vikubwa. Hauelezi kwa nini doa linatokea hapa na si pale, na wengi huyachanganya mambo haya mawili.

Hapo ndipo ninapomwegemea mwalimu wa kwanza, kwa sababu moja. Hugh Everett, mwaka 1957, aliifuta kanuni ya pili na kukubali kwamba majibu yote hutokea, kila moja katika tawi lake la ulimwengu, na ni vigumu mno kubuni jaribio la kumkanusha. Ghirardi, Rimini na Weber, mwaka 1986, waliurekebisha mlinganyo wenyewe: kila chembe hujiporomosha yenyewe kwa nasibu, kwa wastani mara moja katika mamia ya mamilioni ya miaka, hivyo elektroni pekee haiathiriki, ilhali kifaa chenye chembe zisizohesabika huporomoka papo hapo. Nadharia ya namna hii inaweza kushindwa maabarani, na hiyo ndiyo sababu yangu. Kwa kweli, mwaka 2020, kigunduzi kilichowekwa chini ya mlima wa Gran Sasso nchini Italia kilitafuta mionzi hafifu iliyotarajiwa kutokana na toleo rahisi la nadharia jirani, ile ya Diósi na Penrose, kisikute dalili yake, na toleo hilo likaondolewa. Matoleo mengine bado yamesimama, katika nafasi inayozidi kubana kila kigunduzi kinapoboreshwa, na yakiisha yote nitalazimika kumrudia Everett.